Kadi Isiyo na Mstari wa Ahadi

Boksi lilifika Jumanne, limefungwa kwa uzi wa kushonea magunia, na nilipoliona fundo nikajua limetoka kwa nani hata kabla sijaambiwa. Mama mdogo Anjela hufunga fundo mara tatu, kisha huikata ncha ya uzi kwa meno. Kondakta wa basi la kutoka Mbeya alikuwa ameliacha stendi, Anord, mwenzangu wa dukani, akalipitia alipokwenda kuchukua wino wa mashine, na sasa aliliweka juu ya meza yangu taratibu, kama mtu anayemweka chini kuku asiyemwamini.

"Mzigo wako, dada. Chimala hiyo. Mwepesi, ila ukiutikisa unaongea."

"Usiutikise," nilisema.

"Mbona unautazama hivyo? Si mchele huo. Ungekuwa mchele ningeshaomba wa kwangu."

Nilikuwa na kadi mia mbili za kukunja, nikazirudia.

Duka ni la Mama Matilda Kalinga, hapa Kihesa. Tunatoa kopi, tunapiga picha za pasipoti, tunauza kalamu na madaftari, lakini kinacholiweka duka hai ni kadi za mchango. Kila anayeoa, kila anayemuaga binti yake, kila mwenye mtoto wa kipaimara au wa komunio hupita hapa. Anord huzichapa kwenye kompyuta; mimi hukunja, hutia kwenye bahasha, hufuta vumbi na kufagia. Ni kazi isiyodai maneno mengi, ndiyo maana nimedumu nayo mwaka wa sita huu. Mimi si mtu wa maneno. Shule niliishia darasa la tano, na aliyeishia darasa la tano akikaa katikati ya karatasi nyingi hujifunza mapema kunyamaza.

Jambo moja nimelijua humo. Huku kwetu mtu akikabidhiwa kadi hatazami maua wala majina ya maharusi. Huigeuza. Macho yake hushuka moja kwa moja hadi chini, kwenye mistari ya nukta: Jina, nukta nukta nukta, Ahadi, nukta nukta nukta. Akishaiona hukunja uso kidogo, halafu hutabasamu na kusema hongereni sana. Nimewaona watu wakivuka barabara ili wasikutane na mwenzao mwenye bahasha mkononi. Kadi ni mkono ulionyooshwa, hata ukiivisha utepe.

Na boksi lile nililiona hivyo hivyo: mkono ulionyooshwa, ila kiganja bado hakijafunguliwa.

Mchana ule ule simu yangu ndogo ililia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzigo umefika?"

"Umefika."

"Haujalowa?"

"Haujalowa."

"Haya."

Akakata. Nilibaki na simu sikioni kama mtu anayesikiliza ukuta. Mama mdogo anauza mchele sokoni Chimala. Anaweza kubishana na mteja mpaka kivuli kihame, kisa punje zilizovunjika. Mtu kama huyo akisema "haya" na kukata, ujue neno lenyewe amelibakiza. Zawadi ni neno la kwanza tu. Nikawa nasubiri la pili.

Nilikuwa na sababu. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na bibi Igowole, kule Mufindi. Nilikuwa na miaka kumi na moja, niko darasa la tano, siku mama mdogo alipokuja kututembelea kutoka Chimala akaniletea viatu vyekundu vya plastiki vyenye kifungo pembeni. Vilinienea kana kwamba alikuwa amenipima nikiwa usingizini. Siku mbili nilivivaa ndani ya nyumba tu, nikiogopa kuvichafua kwa udongo. Siku ya tatu tulikuwa ndani ya basi. "Atasoma kule," alimwambia bibi. Nyumbani kwake nilimkuta mtoto mchanga, Joyness, na juu ya kiti kitenge cha kumbebea, kijani chenye ndege wa njano, kimekunjwa vizuri kikinisubiri. Kila Januari niliambiwa mwakani. Viatu vilichakaa kabla havijaingia darasa lolote.

Nilipofika miaka kumi na saba, mama mmoja wa usharika aliyekuwa akihamia Iringa alitafuta msichana wa kazi, nikaondoka naye. Nguo zangu nilizifunga ndani ya kile kitenge cha kubebea. Hakuna aliyenipa, na hakuna aliyenizuia.

Kwa hiyo boksi nililisukuma uvunguni, katika chumba ninachoishi nyuma ya nyumba ya Mama Kalinga. Lilikaa huko mpaka Jumamosi, Mama Kalinga mwenyewe aliposimama mlangoni kwangu, kajitanda shuka kwa ajili ya baridi, mikono nyuma.

"Damari, kamwene," alinisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hilo boksi lina siku ya tano humo. Kitanda nimekupa, lakini uvungu ni wangu. Lilete dukani tulione."

"Sijui lina nini, mama."

"Ndiyo maana nataka kulijua."

Tulilifungua watatu, mlango wa duka ukiwa umerudishwa nusu. Mama Kalinga aliukata uzi kwa wembe, akarudi nyuma hatua moja, kana kwamba kitu kingeweza kuruka. Kilichotoka kwanza ni harufu ya pumba za mpunga. Kisha karatasi ngumu za rangi, nyingine zimeshakatwa kona. Riboni zilizoviringishwa kwenye vijiti. Gundi za kupaka. Shanga ndani ya kichupa, hizo ndizo zilizokuwa zikiongea. Mihuri ya mpira yenye picha za ndege na majani. Na mikasi mitatu ambayo meno yake yalikuwa yamepinda pinda kama mwendo wa nyoka. Chini kabisa kulikuwa na karatasi moja nyekundu, nzima, haijaguswa na mtu. Barua haikuwemo. Nilipekua mara mbili.

"Hee!" Anord aliinua mikasi. "Hivi ni vya kutengenezea kadi za mikono. Nimewaona watu mtandaoni, wanakata, wanabandika, mpaka raha."

"Kadi?" Mama Kalinga alinigeukia. "Damari, una mpango gani?"

"Sina mpango, mama."

"Asiyekuwa na mpango hatumiwi vifaa."

"Sijaviagiza mimi. Nimetumiwa tu."

"Hakuna kutumiwa tu." Alichukua mkasi mmoja, akaujaribu kwenye gazeti, ukingo ukatoka mawimbi mawimbi. Aliutazama, na bila kutaka akacheka kwa pua. "Mkasi kichaa huu." Akaurudisha. "Sikukatazi kucheza nao. Lakini kadi za harusi na za kipaimara ni za duka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani. Yeye alinishuku mimi na mimi nilimshuku mtu mwingine, na boksi lilikaa katikati yetu likinuka pumba.

Tangu siku ile, kila Jumapili baada ya ibada nililivuta boksi, nikazipanga karatasi juu ya kitanda kwa rangi zake, nikazitazama, nikazirudisha. Nyekundu nilikuwa naiweka chini kila mara. Sikuweza kukata hata moja. Karatasi safi ina namna yake ya kumtazama mtu. Inajua kama ulimaliza shule au hukumaliza. Lakini hicho hakikuwa kisa chote. Niliona kwamba nikikata karatasi moja tu nitakuwa nimeipokea zawadi, na mimi najua mwenye kupokea zawadi ya mama mdogo huamkia wapi. Nikikata, nitakuwa nimeshapanda basi. Pengine kule Chimala alikuwa ameshazaa mtoto mwingine. Pengine mgongo ulimuuma na alitaka mtu wa kumbebea magunia. Nilimpangia nia moja baada ya nyingine, na kila nia ilimkaa vizuri.

Mwezi wa saba, wakati upepo wa Iringa unapopita hadi kwenye mifupa, simu ililia tena. Nilipokea nikiwa tayari nimeshajikunja.

"Dada, shikamoo. Ni mimi, Joyness."

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

"Sokoni. Simu ameisahau kwenye chaji."

"Anataka nini?"

"Nani?"

"Mama yako. Amenitumia boksi. Anataka nini kwangu?"

"Kwani hakukwambia?" Sauti yake ilikuwa imekua, sikuwa nimejiandaa kuisikia imekua hivyo. "Lile aliliona mnadani, kwenye mitumba, limechanganyika na midoli mibovu. Watu wanasema vikorokoro vya watoto. Yeye akasema, hapana, hivi vya Damari. Akalikumbatia hivyo hivyo mpaka nyumbani."

"Vya Damari kwa nini?"

"Si ni kwa sababu ya yale maua!"

"Maua gani?"

"Ya jikoni, dada! Uliyobandika ukutani."

Ilinichukua muda kuyaona. Alipoachishwa ziwa alikuwa akilia mchana kutwa, na mimi kwa kukosa la kumpa nilikata maua kutoka kwenye pakiti za sukari na za majani ya chai, nikayabandika ukutani kwa wali uliopondwa, moja kila siku, ili alitafute lililoongezeka. Akilipata alinyamaza.

"Hayajabanduka?" niliuliza.

"Mengine yamebanduka, mengi yapo. Mama akipaka chokaa huwa anayaruka. Mimi nilimwambia ayafute, wenzangu wakija wananicheka. Akanifukuza na brashi."

Kisha ile shuku inayoishi ndani yangu ikainua kichwa. "Nani amekutuma uniambie hayo?"

"Hakuna."

"Joyness."

"Kweli tena! Mbona unahoji kama polisi? Mimi nimepiga kwa shida yangu. Mwezi wa tisa tunafanya mtihani wa darasa la saba. Wenzangu wanaletewa kadi za mafanikio. Jackline ana tisa, anatembea nazo kwenye begi anatuonyesha. Mimi sina hata moja. Utanitumia?"

"Hapa dukani zipo. Nitakutumia."

"Za dukani kila mtu anazo," alisema. "Mimi nataka uliyoikata wewe."

Baada ya simu nilirudi kukunja. Ningependa kusema kwamba nilifurahi. Nilimbeba mtoto yule mpaka miguu yake ikagota kwenye mapaja yangu; nilimfundisha kusema maji na moto; na sasa alikuwa akifika mahali ambapo mimi sikufika, tena akiniomba nimpigie makofi njiani. Kilichokaa kifuani mwangu hakikuwa na jina zuri. Nilikunja kadi hamsini nyingine, pembe kwa pembe, na nilizikandamiza kwa kucha mpaka Anord akaniuliza zimenikosea nini.

Siku ya kuanza ilikuja bila kuitwa. Ilikuwa Jumatano, Mama Kalinga amekwenda msibani, umeme ukakatika saa nne asubuhi, na duka letu likikosa umeme linakuwa kama kinywa kisicho na ulimi. Anord alitoka nje kuota jua. Mimi nilikwenda chumbani, nikaleta boksi, nikajiambia ninalifuta vumbi. Kisha nikachukua karatasi ya bluu. Nilijiambia kwamba simpi mama mdogo kitu. Hii ni ya mtoto. Mkasi kichaa ulipouma karatasi, ulitoa sauti ya mbuzi anayetafuna, na nilipotazama nilikuwa nimeshakata.

Sijui saa zilikwenda wapi. Niligonga muhuri wa ndege pembeni, nikaongeza majani, nikabandika utepe mweupe, nikaipamba kona kwa shanga tatu. Ndani niliandika kwa mwandiko wangu bora, ulimi nje ya meno kama zamani: Nakutakia mtihani mwema. Nilichukua rula nikamalizia. Mikono yangu ilikuwa imepata joto. Kwa mara ya kwanza tangu Igowole nilikuwa nimefanya kitu kwenye karatasi ambacho hakikuwa cha mtu mwingine.

Anord aliingia akipangusa pua. "Tuone, fundi." Aliichukua, akatikisa kichwa kwa kusifu, akaifungua. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kabati.

"Nini?"

"Dada, jamani! Mtoto wa darasa la saba unamtoza mchango?"

Nilimpokonya kadi. Chini ya maneno yangu, kwa rula, zimenyooka kama msururu wa siafu, palikuwa na nukta. Mistari miwili. Jina. Ahadi.

"Mkono umezoea," nilisema. Masikio yaliniwaka.

"Umezoea kweli! Ngoja umeme urudi nikuchapie na namba ya simu ya mweka hazina."

Alirudi juani akicheka, nikabaki na kadi. Mkono umezoea: ndivyo nilivyosema, na yeye aliamini. Lakini nilipokaa nayo kidogo nikaona kwamba si kweli. Mkono wangu haujawahi kuandika nukta zile hata siku moja. Kuzichapa ni kazi ya Anord. Mimi kazi yangu ni kukunja.

Basi nani aliyeziandika?

Nilizitazama nukta zile mpaka zikaanza kutembea. Miezi yote ile nilikuwa nimekaa nikimsubiri mama mdogo aseme neno la pili, nikimpekua kama nilivyolipekua boksi. Kumbe neno la pili lilikuwa kwangu. Nilikuwa nimemtumia mtoto ndege na shanga na utepe mweupe, na chini yake nikamwekea nafasi aniandikie atakachonilipa. Jina lake. Ahadi yake. Na angeandika nini? Alikuwa na miezi miwili tu nilipoletwa kumbeba.

Sikuichana kadi ile. Niliilaza chini ya boksi, juu ya karatasi nyekundu, na kwa wiki nzima sikugusa mkasi.

Kilichonirudisha ni Anord, kwa utani wake. Kila asubuhi aliuliza, "Mweka hazina, michango inaendaje?" Siku ya saba nilimwambia, "Nyamaza, nataka kufikiri." Akashangaa, kwa sababu hajawahi kusikia nikimwambia mtu anyamaze. Na mimi nilishangaa vilevile. Nikaona kwamba nilikuwa nafikiri kweli, na nilichokuwa nafikiri ni namna ya kutengeneza mgongo.

Kile kitenge cha kubebea kilikuwa chini ya nguo zangu, kimepauka, ndege wa njano wamekuwa rangi ya ugali wa jana. Nilikata kipande cha urefu wa kidole. Niliutazama ukingo wake, kama niliyekata kitu kinachoweza kutoa damu. Kwa karatasi ya kahawia nilikata msichana anayeonekana kwa nyuma, kwa sababu nyuso zinanishinda, na kwa sababu ndivyo alivyoniona yeye miaka miwili mizima: kwa nyuma. Mgongoni kwake nikabandika kile kipande, nikakivimbisha kwa pamba, na juu yake nikaweka kichwa kidogo cha duara. Nyuzi zilitaka kufumuka pembeni nikazituliza kwa gundi. Miguuni kwa yule msichana sikuweka viatu.

Maneno yalikuwa kazi kubwa zaidi. Kwenye karatasi chafu niliandika: Usisahau nani alikubeba. Nikakata. Niliandika: Mimi sikufika hapo. Nikakata. Niliandika sentensi nyingi, na kila moja nilipoisoma kwa sauti ya chini niliona nukta zikiota mwishoni. Mwisho yalibaki haya: Joyness, mtihani mwema. Dada Damari. Chini yake pakabaki patupu. Patupu pale palinisumbua kama pengo la jino. Mkono ulitaka kupajaza. Niliukalia mkono.

Mama Kalinga alinikuta nikiipulizia gundi ikauke. Aliichukua kwa ncha za vidole. Akaigeuza, bila shaka. Akaifungua. Akaigeuza tena.

"Hamna mahali pa ahadi."

"Hamna, mama."

"Sasa mtu atajuaje anachotakiwa kutoa?"

"Hatakiwi kutoa kitu."

Alinitazama muda mrefu, jicho moja limebana, lile jicho analowatazamia wateja wanaosema watalipa kesho. Nilidhani ataniuliza tena mpango wangu. Badala yake alifungua droo ya chini, ile anayoifunga kwa ufunguo, akatoa bahasha moja nzito ya rangi ya maziwa, zile wanazoagiza wenye harusi kubwa, akaitupa mezani.

"Hii kadi haitauzika," alisema, akaenda zake nyuma.

Niliituma kwa basi, kwa anwani ya mchele wa Anjela, soko la Chimala. Siku ya tatu simu ililia, mchana, Anord akiwa hapo hapo anakula mahindi ya kuchoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Nyuma yake nilisikia mchele ukimiminwa kwenye ndoo, ile sauti ya mvua fupi. "Bahasha imefika. Mtoto yuko shule, nimeifungua mimi."

"Sawa, mama."

"Nimeigeuza. Nyuma hakuna kitu."

"Hakuna."

"Ndani nako salamu tu."

"Ndiyo."

Kisha akauliza, taratibu, kama anayepima mguu wake kwenye tope: "Damari. Unataka nini?"

Lilikuwa swali langu mwenyewe. Nilikuwa nimelitunza tangu boksi lilipofika, nikililisha, na sasa lilinirudia kwa sauti yake, limevaa woga ule ule.

"Sitaki kitu, mama."

"Mtu hatumi kadi hivi hivi."

"Wala boksi," nilisema.

Neno lilitoka kabla sijalizuia. Anord aliacha kutafuna. Maishani mwangu sikuwahi kumjibu mama mdogo, hata siku zile za mwakani, mwakani. Nilifumba macho nikingoja. Nikasikia mtu kule anauliza bei ya kilo, akauliza tena, na mama mdogo Anjela, ambaye hajawahi kumwachia mteja aondoke, akamwambia, "Nenda hapo kwa mwenzangu."

Kisha akarudi kwangu.

"Hiki kitambaa nakijua."

"Ndiyo, mama."

"Mwaka ulioondoka nilikitafuta sana. Nikasema kimeibiwa kwenye kamba."

"Nilikichukua mimi."

"Kimebaki kingine?"

"Kipo."

"Usikikate chote."

Nilishika ukingo wa meza. Aliguna, akasafisha koo, na sauti yake ikarudi ya sokoni, ya kuhesabu maneno.

"Mahafali yao ni Ijumaa ya wiki ijayo. Mtoto anasema uje."

Ndilo hilo. Neno la pili, baada ya miezi yote ile, lilikuwa limefika, na mwili wangu ulilitambua kabla ya akili. Nilihisi plastiki ya vile viatu vyekundu ikinibana vidole vya miguu.

"Mtoto anasema," niliuliza, "au wewe unasema?"

Mchele ulimiminwa tena, ndoo nzima, ukaisha.

"Ukija," alisema mwishoni, "tiketi ya kurudi ikate huko huko Iringa. Kabla hujapanda. Uiweke mahali unapopajua wewe. Usiniachie mimi kukukatia."

Nilisubiri aendelee. Akakata simu, na safari hii hakusema hata "haya".

Anord alinitazama, hindi likiwa limesimama hewani. "Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Sasa mbona umesimama hivyo? Unakwenda Chimala?"

Maneno ya mama mdogo niliyageuza mbele na nyuma, nikitafuta nukta zake. Mtu anayetaka kukushika hakufundishi njia ya kuondoka. Au pengine ndivyo anavyofanya mjanja. Niliyageuza tena. Nje upepo ulikuwa ukisukuma vumbi la Kihesa kwenye kizingiti nilichokuwa nimekifagia, na msururu wa watu ulikuwa unakuja kuchukua kadi za kipaimara.

Tulipowamaliza wote nilivuta boksi kutoka chini ya meza. Niliitoa kadi ya nukta nikaiweka kando. Chini yake ile karatasi nyekundu ilikuwa bado nzima, haina hata alama ya kidole. Niliilaza mbele yangu nikaikunja katikati, pembe kwa pembe, nikaikandamiza kwa upande wa mkono.

Anord alisogea, akanyoosha shingo. "Ya nani tena hiyo? Joyness si ameshapata?"

"Si ya Joyness. Ni ya mama yake."

Alinitazama, akaitazama karatasi, akapunguza sauti kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa. "Na hii utaiwekea mstari wa ahadi?"

Niliutazama upande wa chini, pale ambapo jicho la kila mtu hushuka kwanza. Nikachukua mkasi.

"Ngoja kwanza nikate," nilisema.